Mtego Uko Wapi? Kitendawili, Chemsha Bongo na Jibu Lililokataliwa

Mwaka jana mdogo wangu wa kike alifanya mtihani wa kuomba kazi ya kukusanya takwimu hapa Kindu. Sehemu ya kwanza ya karatasi, iliyoandikwa kwa Kifaransa, iliitwa jaribio la mantiki. Swali mojawapo nalitoa hapa kwa Kiswahili:

Baba na mwanawe wanapata ajali ya gari. Baba anafariki palepale. Mtoto anakimbizwa hospitalini. Daktari wa upasuaji anamtazama na kusema: «Siwezi kumpasua huyu, ni mwanangu.» Inawezekanaje?

Mdogo wangu aliandika kwamba daktari ni baba mdogo wa mtoto. Akapewa sifuri. Jibu lililotakiwa ni kwamba daktari ni mama yake. Jioni alipotusimulia, mama yetu hakuona kosa liko wapi. Aliuliza: «Kwani baba mdogo si baba?» Wote walinigeukia mimi, kwa kuwa ndiye ninayesoma isimu, nami sikuwa na neno la kusema. Kazi ile hakuipata. Makala haya ni jaribio la kulijibu swali la mama, nimechelewa kidogo.

Tuanze na vitenzi vyetu wenyewe, maana vimeshafanya nusu ya uchambuzi. Kitendawili hakiulizwi, kinategwa. Anayekijua hakijibu, anakitegua. Kutega ni kazi ya mwindaji: kamba, kijiti kilichopindwa, majani ya kufunikia. Kiambishi -u- kinachoingia katika kutegua ni kilekile cha funga na fungua, ziba na zibua, fumba na fumbua, yaani kauli ya kutendua. Kwa mujibu wa sarufi hii, mwenye kutegua haleti maarifa mapya kutoka nje. Anarudisha nyuma tendo la yule aliyetega: anatafuta kamba ilipofungwa na kuifungua hapohapo. Kwa hiyo swali la kwanza la mchambuzi si «jibu ni nini?» bali «mtego umewekwa juu ya neno gani?»

Katika vitendawili vya kawaida vya Kiswahili, mara nyingi mtego umewekwa juu ya upatanisho wa ngeli. Wengi wetu tulijifunza ngeli kama adhabu ya sekondari, na hatukuona kwamba watoto wanazichezea kila jioni. Chukua hiki: «Wazungu wawili wanachungulia dirishani.» Jibu ni makamasi. Makamasi, kwa sarufi, yanachungulia. Lakini kitendawili kinasema wanachungulia, na hiyo wa- inampeleka msikilizaji kwenye watu, nyumba, pazia na barabara, mbali kabisa na pua ya mtoto aliyekaa mbele yake. «Nyumba yangu haina mlango» ni yai: yai halina, nyumba haina. «Popoo mbili zavuka mto» ni macho: macho yavuka, popoo zavuka. (Popoo yenyewe mimi sijawahi kuiona. Ni tunda la pwani, na huku kwetu imebaki ikiishi ndani ya kitendawili tu, kama mgeni aliyekuja na misafara ya Nyangwe na Kasongo katika karne ya 19 na hakurudi kwao.)

Kanuni basi ni kwamba upatanisho hufuata kinyago, haufuati uso. Na kanuni hiyo ina sababu. Kitenzi kikipatana na jibu, mtego umefunuliwa. Chukua kitendawili cha kivuli: «Kila niendapo ananifuata.» Hapa hakuna hata nomino ya kufichia, kinyago chote ni hiyo a- peke yake, inayomfanya msikilizaji atafute kiumbe chenye pumzi. Kigeuze kiwe «Kila niendapo kinanifuata», na mwanafunzi yeyote atakwenda moja kwa moja kwenye ngeli ya ki-vi na kukutana na kivuli mlangoni.

Kuna vinavyoikataa kanuni hii, na ni haki kuvitaja. «Ajenga ingawa hana mikono» ni ndege, na ndege kweli anajenga. Ile a- haidanganyi. Mtego umehamia kwenye neno mikono, kwa sababu kujenga kunatuletea akilini mikono, matofali na fundi. Sijui kama ni bahati tu, lakini kwa vile nilivyokusanya mtaani kwetu, kila mara upatanisho unaposema kweli, nomino ya karibu ndiyo inayopotosha. Mtego lazima uwe mahali fulani.

Sasa, sisi wa Kindu tuna tatizo letu la kupendeza. Kiswahili tunachosema sokoni na nyumbani si kile cha vitabu. Watu ni batu, vitu ni bitu, mahali ni fasi, na iko yetu inatumika kwa mtu na kwa kitu bila ubaguzi. Kitendawili cha kivuli tukikisema kama tunavyosema kila siku, kinakuwa karibu na hivi: «Kila fasi mi naenda, iko ananifwata.» Nilikitega hivyo mbele ya watoto sita wa jirani, kisha siku nyingine nikakitega kwa Kiswahili cha shule mbele ya watoto wengine. Hao wa pili walitaja mbwa, mbu, mtoto mdogo, na mmoja akasema «mwenye deni», jibu ambalo baba yake aliyekuwa karibu hakulicheka. Wale wa kwanza walitaja mbwa pia, lakini mara wakaruka kwenye upepo, kivuli, na mwezi. Watoto wachache hawathibitishi lolote, najua. Hata hivyo mwelekeo unaeleweka: pale iko inapofungulia mlango mtu na kitu kwa pamoja, ile a- inapoteza nguvu ya kupotosha, na kitendawili kinakuwa rahisi zaidi na wakati huohuo kinakuwa na majibu mengi zaidi.

Jibu la mwezi lilinisumbua. Ni jibu zuri. Ukitembea usiku kando ya Lualaba mwezi unakufuata kweli, ukisimama unasimama. Nilimuuliza koko wetu, ambaye ndiye aliyenifundisha vitendawili vingi, kama angelikubali. Alifikiri, kisha akasema: «Mchana je?» Kitendawili kilisema kila niendapo, na mwezi hauji mchana kila siku. Mtoto akashindwa, lakini alishindwa kwa hoja. Naomba msomaji aikumbuke ile «Mchana je?», nitairudia.

Nahamia kwenye chemsha bongo, ambazo mtego wake hauko kwenye sura ya kitu bali kwenye hatua za kufikiri. Iliyo maarufu kuliko zote inatuhusu sana sisi tunaovuka kutoka upande wa Kasuku kwenda Alunguli. Mtu ana chui, mbuzi na furushi la sombe. Mtumbwi unambeba yeye na kitu kimoja tu. Akimwacha chui na mbuzi, mbuzi ameliwa. Akimwacha mbuzi na sombe, sombe imeliwa. Atavushaje vyote?

Kisa hiki ni cha zamani sana. Ulaya kinapatikana katika mkusanyo wa mafumbo ya kunoa akili za vijana unaohusishwa na Alcuin wa York, wa mnamo mwaka 800, kikiwa na mbwa mwitu, mbuzi na kabichi. Mwanahisabati wa Marekani Marcia Ascher alipochapisha mwaka 1990 ulinganisho wa visa vya namna hii, alikuta Afrika ina vyake, na si nakala tu za vile vya Ulaya.

Kihesabu jambo ni dogo. Kuna vinne vya kuwekwa kwenye kingo mbili: mtu, chui, mbuzi, sombe. Kila kimoja kinaweza kuwa huku au kule, kwa hiyo hali zinazowezekana ni 16. Ondoa zile ambazo mtu yuko mbali na mbuzi yuko pamoja na chui au sombe, zinabaki 10. Ndani ya hizo kumi njia fupi kabisa ina safari saba: mpeleke mbuzi, rudi peke yako, mpeleke chui, mrudishe mbuzi, peleka sombe, rudi peke yako, mpeleke mbuzi. Ni safari ya nne inayowashinda watu. Wanajua kupeleka. Kumrudisha mbuzi aliyekwisha kuvuka hakuwajii, na kosa ni la kitenzi: swali limesema avushe, na kuvusha kuna upande mmoja. Hakuna aliyekukataza kurudisha. Katazo umelitunga mwenyewe kutoka ndani ya neno.

Nikafanya jaribio la pili, hili kwa wenzangu wa fakulte. Niliwasomea kisa kilekile, ila nikasema mtumbwi unabeba mtu na vitu viwili. Waliokwisha kukijua kisa walianza mara moja: mbuzi kwanza, unarudi... Wengi walifika hadi safari ya saba kwa kujiamini. Aliyetatua kwa safari tatu (chui na sombe kwanza, rudi peke yako, kisha mbuzi) alikuwa mwenzetu ambaye hakuwahi kukisikia maishani mwake. Wajuzi walinaswa na jibu lao la zamani. Mmoja alinikasirikia, akasema nimedanganya. Sikudanganya, nilitamka «viwili» wazi kabisa.

Mtumbwi wa vitu viwili sikuutunga mimi. Katika toleo la pwani ya Waswahili kuna sultani, kuna mgeni asiyetaka kulipa ushuru, kuna chui, mbuzi na majani, na chombo kinabeba viwili. Toleo ninalolipenda zaidi lakini ni la Waila wa Zambia, lililoandikwa mwaka 1920. Mtu huyu ana chui, mbuzi, panya na kikapu cha nafaka, na mtumbwi mdogo. Jaribu: ukimchukua mbuzi, panya anabaki na nafaka. Ukichukua nafaka, chui anabaki na mbuzi. Ukimchukua chui au panya, mbuzi anabaki na nafaka. Kwa mtumbwi wa kitu kimoja hakuna safari ya kwanza iliyo salama. Katika kisa, mtu anawaza amwache panya, anawaza amwache chui, kisha anaona kwamba wanyama hawa kwake ni kama watoto. Basi anabaki alipo, havuki.

Mwalimu wa hisabati anaweza kusema hilo si jibu. Mimi nasema ni jibu sahihi la swali lisilo na njia, na zaidi ya hapo linatuonyesha jirani wa chemsha bongo katika fasihi simulizi yetu: kile kisa cha mtanziko, ambapo mtumbwi unapinduka na mtu anaweza kumwokoa mmoja tu kati ya mama, mke na dada. William Bascom alikusanya visa vingi vya namna hiyo kutoka pande mbalimbali za Afrika katika kitabu chake cha mwaka 1975. Pale hakuna jibu la kufichwa. Mchezo ni mabishano.

Nimefika penye uzito wa jambo. Linganisha maswali mawili. La kwanza kila mtoto wa Kindu analijua: ndege kumi wako juu ya mti, mwindaji anampiga mmoja, wamebaki wangapi? Ukisema tisa unachekwa. Wote wameruka kwa mlio wa bunduki. Hapa anayeshinda ni yule anayeondoka kwenye hesabu na kwenda kutazama msitu halisi. La pili linatoka Liberia, kwa Wakpelle, ambako Michael Cole na wenzake walifanya utafiti uliochapishwa mwaka 1971. Waliwaambia watu kwamba Flumo na Yakpalo daima hunywa pombe ya miwa pamoja, Flumo sasa anakunywa, je, Yakpalo anakunywa? Mtu mzima mmoja alijibu kwamba siku hiyo Yakpalo hakuwepo, na akaeleza sababu. Kwa kipimo cha mantiki hilo ni kosa, kwa kuwa aliondoka kwenye maneno ya swali na kwenda kuwatazama watu halisi.

Kwa hiyo katika swali moja unatuzwa kwa kutoka nje ya maneno, na katika lingine unaadhibiwa kwa kosa hilohilo. Nani anakuambia leo ni siku ya kutoka au ya kubaki ndani? Si mantiki, maana mantiki haina la kusema juu ya hilo. Anayekuambia ni aina ya mchezo. Anaposema «Kitendawili!» nawe ukaitikia «Tega!», mmefunga mkataba. Umekubali kwamba maneno yanayokuja yamepotoshwa makusudi, kwamba kuna jibu moja analolishika mwenye kutega, na kwamba ukishindwa utampa mji. Karatasi ya mtihani haina «Tega!». Aliyezoea karatasi hizo, kwa kuwa amesoma penye vitabu vya mazoezi, anausikia mwito huo kimoyomoyo. Asiyezizoea anadhani ameulizwa swali.

Turudi kwa daktari. Mtego wa swali lile umefungwa kwa kamba mbili. Ya kwanza ni jinsia: kwa Kifaransa daktari wa upasuaji anatajwa kwa neno la kiume na kibainishi cha kiume, na hicho ndicho kinachomficha mama. Kiswahili hakina kamba hiyo. Daktari anasema, iwe mwanamume au mwanamke. Ya pili haionekani mpaka uifasiri: swali linachukulia kwamba mtu ana baba mmoja tu. Bila dhana hiyo hakuna mgongano, na bila mgongano hakuna kitendawili. Kwetu baba ni wengi. Kuna baba aliyenizaa, baba mkubwa, baba mdogo, na kila mmoja wao akisema «mwanangu» hajasema sitiari. Niliwategea wenzangu kumi swali la daktari kwa Kiswahili. Saba walijibu baba mdogo au baba mkubwa, tena bila kusita, kama watu walioulizwa jina lao. Mmoja alisema baba wa ubatizo. Wawili walisema mama, na wote wawili walikiri wamewahi kulisoma.

Mhadhiri mmoja nilipomweleza haya alinipinga, na pingamizi lake lina nguvu: mtihani ulikuwa wa Kifaransa, basi ukoo wa ndani ya swali ni wa Kifaransa, na anayejibu kwa ukoo wa Kindu amebadilisha lugha katikati ya safari. Nakubali nusu. Kwa mwanafunzi anayeomba kazi ya kutafsiri ningekubali yote. Lakini Kifaransa tunachokisema hapa kimekwisha kuingia ukoo wetu, neno lake la baba linawabeba baba wadogo wote, na aliyetunga mtihani alikuwa anatafuta watu wa kwenda kuwahoji wakaaji wa Kindu, wa Kalima, wa Kasongo. Mtu atakayegonga mlango na kuuliza «Baba yuko?» anapaswa kujua kwamba swali hilo linaweza kuwa na majibu matatu. Mdogo wangu alilijua hilo. Ndilo lililomkosesha alama.

Na hapa naikumbuka «Mchana je?» ya koko. Mtoto wa mwezi alipewa sababu kutoka ndani ya maneno ya kitendawili. Kama msahihishaji angeulizwa «baba mdogo, kwa nini hapana?», angeonyesha neno gani la swali linalomkataa? Nimelisoma mara nyingi. Halipo.

Basi nimejibu swali la mama, lakini nusu yake ilibaki: je, mtego ule unaweza kutegwa kwa Kiswahili ukanasa? Niliona lazima baba wengine wafungiwe mlango, na mama asifunuliwe. Kitenzi kuzaa kinafaa sana, kwa sababu kwetu mwanamume amezaa na mwanamke amezaa. Jumapili moja tukiwa uani, majirani wakiwepo, nikategea hivi: Mtoto na baba aliyemzaa wamepata ajali. Baba amefariki. Daktari anamwona mtoto, anasema: «Siwezi kumpasua huyu, nimemzaa mwenyewe.»

Kimya. Mtu mmoja akasema baba alifufuka. Mwingine akasema daktari ni mwongo. Mdogo wangu mwenyewe, aliyekuwa akilijua jibu la Kifaransa, alinyamaza, nadhani alitaka kuona nitafika wapi. Wakaanza kushindwa mmoja mmoja na kunipa miji. Nilikuwa nimekwisha kupokea Kalima na Punia, na jirani alikuwa anafikiria kunipa Kasongo, mama alipotoka jikoni na mwiko mkononi.

«Huyo daktari ni mwanamke,» alisema. «Rudisha miji ya watu.»